Nani Amlipie Fundi Mwanafunzi?

Chama cha ushirika wa akiba na mikopo ni taasisi ya fedha inayomilikiwa na wale wale wanaoweka fedha zao humo. Mwanachama hununua hisa, huweka akiba kila mwezi, hukopa kwa kipimo cha akiba yake, na mwisho wa mwaka hupata gawio ikiwa chama kimebakiwa na ziada. Tanzania watu husema SACCOS, Kenya na Uganda husema sacco. Marekani na Kanada watu wana jina lao, ila mwenendo wa kazi ni huo huo. Katika nchi hizi vyama hivyo vimejiingiza kwenye jambo ambalo kwa kawaida huachiwa serikali na wazazi: kugharimia mafunzo ya ufundi kwa vijana ambao bado wako sekondari, au ndio kwanza wametoka. Ufundi wenyewe ni ule unaoonekana kila mtaa: umeme wa majumbani, bomba, uashi, useremala, uchomeleaji, ufundi magari, ushonaji.

Uhusiano wa ushirika wa fedha na mafundi haukuanza leo. Mwaka 1849, katika mji mdogo wa Delitzsch nchini Ujerumani, hakimu mmoja aliyekuwa pia mwanasiasa, Hermann Schulze, aliwaunganisha maseremala wanunue mbao kwa pamoja kwa bei ya jumla. Washona viatu nao wakafanya vivyo hivyo kwa ngozi. Viwanda vilikuwa vimeanza kuwabana mafundi wa mikono, na fundi asiye na mtaji alilazimika kuchukua mali ghafi kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara yule yule aliyempangia bei. Mwaka 1850 Schulze akaongeza chama cha mikopo, ambacho wanachama walichangia wenyewe na kukopeshana wenyewe. Miaka kadhaa baadaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha namna hiyo kwa watu wa vijijini huko Heddesdorf, mwaka 1864. Afrika Mashariki hutajwa zaidi Raiffeisen, pengine kwa kuwa ushirika wa huku ulikulia kwenye kahawa na pamba. Lakini kwa habari ya ufundi, babu ni Schulze. Na jambo la kuzingatia katika kisa cha Delitzsch ni kwamba seremala wa pale hakukosa ujuzi. Alikosa mbao.

Wazo hilo lilivuka bahari. Alphonse Desjardins alianzisha chama chake huko Lévis, jimbo la Quebec, Desemba 1900. Kilipofungua mlango wa kupokea fedha Januari 1901, amana ya kwanza ilikuwa senti 10, na jumla ya siku ile ilikuwa dola 26 na senti 40. Desjardins huyo huyo alisaidia kuanzisha chama cha kwanza cha Marekani mwaka 1908, katika mji wa Manchester, New Hampshire, kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Quebec. Sheria ya nchi nzima ilipitishwa mwaka 1934. Barani Afrika chama kinachotajwa kuwa cha kwanza cha mkondo huu kilianzishwa Jirapa, kaskazini mwa Ghana, mwaka 1955. Mwaka 1968 shirikisho la vyama hivi la Afrika liliundwa na kuweka makao Nairobi, na mwaka 1973 Kenya ikapata muungano wake wa kitaifa wa sacco, KUSCCO.

Suala la elimu limo ndani ya ushirika tangu mwanzo. Waasisi wa Rochdale, Uingereza, walioanza duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa elimu ya wanachama, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea. Misingi saba ya ushirika inayofuatwa duniani leo, iliyopitishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1995, inataja elimu na mafunzo katika msingi wa tano, na kuijali jamii katika msingi wa saba. Kwa hiyo chama kinachomlipia mwanafunzi mafunzo ya kuchomelea vyuma hakijatoka nje ya kazi yake. Swali ni kama kinalipia kitu sahihi.

Marekani ni mahali pazuri pa kuanzia kulijibu, kwa sababu huko ufundi mashuleni una mfuko wake wa umma kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1917 iliyojulikana kwa majina ya Smith na Hughes ilianza kupeleka fedha za serikali kuu kwenye mafunzo ya ufundi katika shule za sekondari. Sheria iliyopewa jina la mbunge Carl Perkins, ya mwaka 1984, ndiyo inayoendeleza kazi hiyo, na imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Mwanafunzi wa sekondari ya umma halipi ada ya darasa la uchomeleaji. Hata hivyo kuna mambo yanayobaki nje ya bajeti ya shule: kofia ya kuchomelea, buti zenye chuma puani, ada ya mtihani wa cheti cha kazi, nauli ya kwenda eneo la mafunzo kwa vitendo, mashine moja ya kisasa ambayo waajiri wa mji ule wanaitumia na shule haina. Hapo ndipo vyama vya akiba na mikopo vinapoingia. Vingine hutoa ufadhili kwa mwanafunzi anayekwenda chuo cha ufundi badala ya chuo kikuu, vingine hununua vifaa vya karakana, na vingine hufungua tawi dogo ndani ya shule, likiendeshwa na wanafunzi wenyewe chini ya uangalizi.

Sababu zao hazihitaji kufichwa. Vyama hivi Marekani havitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kuwa havifanyi biashara ya kumtajirisha mwenye hisa, na kila mara benki hulalamika kwamba upendeleo huo hauna haki. Chama kinachoweza kuonyesha karakana ya shule kilichoisaidia kina jibu la kuwapa. Sababu ya pili ni wanachama. Vyama hivyo vina wanachama zaidi ya milioni 140, lakini vinahitaji vijana, na kijana anayeanza kazi ya umeme ataweka mshahara mahali, atakopa gari la kazi, kisha nyumba. Sababu ya tatu ni hali ya elimu ya juu: madeni ya wanafunzi wa vyuo nchini humo yamepita dola trilioni 1.7, na wazazi wengi wameanza kupiga hesabu upya. Mwanagenzi aliyesajiliwa chini ya mfumo wa taifa, ambao sheria yake ni ya mwaka 1937, hulipwa mshahara akiwa anajifunza, na mshahara huo hupanda kadiri anavyoiva. Ufadhili wa ushirika huko unampeleka kijana hadi kwenye mlango ambao nyuma yake tayari kuna mwajiri anayelipa.

Huo mlango ndio tofauti kubwa na Afrika Mashariki. Kijana anayehitimu uashi Singida au Kakamega kwa kawaida hamkuti mwajiri akimsubiri. Anakuta mtaa. Atajiajiri, au atajishikiza kwa fundi mkubwa kwa ujira wa siku, na katika hali zote mbili ataulizwa swali moja: una vifaa?

Serikali za ukanda huu zimefanya mengi upande wa masomo yenyewe. Tanzania ilipitisha sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi mwaka 1994, ambayo ndiyo msingi wa VETA, mamlaka ya mafunzo hayo. Vyuo vyake huendeshwa kwa sehemu kwa tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri hulipa kutokana na jumla ya mishahara wanayolipa. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6, ikashushwa kwa hatua, na mwaka 2023 ikafika asilimia 3.5. Kwa msaada huo ada ya vyuo vya VETA imebaki ndogo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali ndani ya sekondari, ili mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule zilizoteuliwa asome masomo ya jumla pamoja na ufundi mmoja. Jambo hili si geni kwa wenye kumbukumbu. Shule za ufundi za Ifunda, Moshi, Tanga, Bwiru na Mtwara zilifundisha mafundi miongo mingi iliyopita, na baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 sekondari ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu.

Kenya ilipitia njia yake. Mwaka 1966 baraza la makanisa lilitoa ripoti iliyouliza kijana aliyemaliza shule ya msingi aende wapi, na kutokana nayo zikazaliwa polytechnic za vijijini. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliwataka wazazi wajenge karakana kila shule. Zikajengwa nyingi zisizo na zana, na mapitio ya mtaala ya mwaka 2002 yakapunguza masomo ya vitendo. Sasa mfumo wa umilisi umeleta sekondari ya juu yenye mikondo mitatu, na ule wa sayansi na teknolojia una masomo ya ufundi ndani yake. Wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Kwa vyuo vya ufundi, serikali ilianza mwaka 2018 kumlipia kila mwanafunzi shilingi za Kenya 30,000 kwa mwaka kati ya karo ya 56,420, na bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, ikafungua mlango kwa wanafunzi hao. Viwango vimebadilika tangu hapo. Tozo ya waajiri kwa mafunzo ya viwandani nayo ipo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, kiasi ambacho si kingi hata kwa macho ya mwajiri mchoyo.

Ukiziweka hesabu hizi pamoja, ada si mlima mkubwa kuliko yote, hasa Tanzania. Mlima ni vifaa. Mashine ndogo ya kuchomelea peke yake huzidi ada ya bweni ya VETA ya mwaka mzima, na fundi haingii kazini na mashine peke yake: kuna nyaya, miwani ya kinga, glovu, kisagio, vipimo, na vyuma vya kuanzia. Fundi umeme anahitaji kipima umeme, koleo zenye mpini wa mpira, bisibisi, drili na ngazi. Fundi bomba anahitaji mashine ya kukata uzi wa bomba ama amtafute mwenye nayo amlipe kila siku. Cherehani ya umeme inayohimili kazi ya kutwa si ile ya nyumbani. Mwanafunzi hutumia vifaa vya chuo kwa miaka miwili, mikono inazoea, halafu siku ya kuhitimu anavirudisha stoo na kutoka na cheti.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mchomeleaji mwenye cheti huishia kuendesha bodaboda ya mtu, na ujuzi ulioligharimu taifa miaka miwili unaota kutu. Wachumi wa elimu wamebishana juu ya jambo linalofanana na hili kwa miongo mingi. Mwaka 1965 Philip Foster, akitumia mfano wa Ghana, aliandika kwamba kuwafundisha watoto ufundi hakuwafanyi waupende ufundi. Wanafunzi hutazama kazi ipi inalipa, na wakikimbilia ofisini wanafuata hesabu nzuri, si uvivu. Hoja hiyo bado ina nguvu. Mtaala wa amali unaweza kumweka kijana karakanani kwa miaka minne, lakini kama fundi wa mtaani kwao hana kitu, atatafuta pa kutokea.

Sacco zina nafasi ya kipekee kwenye pengo hilo, nafasi ambayo serikali na wafadhili hawana: zinajua kukopesha fedha kidogo kwa watu wasio na hati ya kiwanja. Kenya peke yake sacco zinazosimamiwa na mamlaka ya SASRA zina wanachama takriban milioni 7, na karo ya watoto imekuwa siku zote miongoni mwa sababu kuu za mkopo. Mwalimu au askari anayekatwa kwenye mshahara hukopa Januari, analipa karo, anakatwa mwaka mzima, na Januari inayofuata anarudi. Mzunguko huu umesomesha watu wengi kuliko takwimu yoyote ya ufadhili inavyoweza kuonyesha. Lakini ni mkopo wa mzazi kwa jina la mzazi, na unaisha pale masomo yanapoisha. Siku kijana anapohitaji mashine, mzazi bado analipa deni la karo, wadhamini wake wamechoka, na akiba yake imefungwa.

Mkopo wa vifaa ni mkopo wa aina nyingine. Chukulia kijana aliyehitimu anahitaji vifaa vya shilingi za Tanzania 600,000, na chama kinatoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kiwango kilichozoeleka kwenye sacco. Akilipa 50,000 ya mkopo wenyewe kila mwezi kwa miezi 12, riba ya mwezi wa kwanza ni 6,000, ya mwezi wa mwisho ni 500, na jumla ya riba yote ni 39,000. Mkopeshaji anayetoza asilimia hiyo hiyo bila kupunguza salio atachukua 72,000. Hayo ni maisha ya kawaida ya sacco na hayahitaji mfadhili. Kinachohitaji mfadhili, au tuseme kinachohitaji uamuzi wa mkutano mkuu, ni mambo mawili: miezi mitatu ya kwanza bila marejesho, maana fundi mpya hapati kazi wiki ya kwanza, na mtu wa kusimama mdhamini.

Udhamini ndio unaokwamisha zaidi. Sacco hutegemea wadhamini walio wanachama, wenye akiba, na kijana wa miaka 19 hana marafiki wa namna hiyo. Kuna njia za kupita hapo. Vifaa vyenyewe vinaweza kuwa dhamana. Kenya ilitunga mwaka 2017 sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, yenye daftari la kitaifa ambamo mashine au cherehani inaweza kusajiliwa kwa mkopo. Chama kinaweza pia kununua vifaa na kumkodishia kijana hadi amalize kulipa, vikabaki mali ya chama kwa muda wote huo. Vijana watano waliohitimu darasa moja wanaweza kudhaminiana, ingawa uzoefu wa vikundi unaonyesha kwamba wanaodhaminiana kwa sababu walikaa dawati moja hutengana mapema kuliko wanaodhaminiana kwa sababu wanafanya kazi eneo moja. Njia nyingine ni mfuko wa dhamana unaotengwa kutoka kwenye ziada ya mwaka. Fedha hiyo haigawiwi kwa mtu. Inakaa tu nyuma ya mikopo ya vijana, na hupungua pale mmoja wao anaposhindwa kulipa.

Hesabu ya mfuko wa namna hiyo inatoa picha. Chama chenye wanachama 2,000, kila mmoja akikubali kuacha shilingi 5,000 ya gawio lake, kinapata milioni 10. Zikilipia ada ya kutwa ya VETA, zinatosha wanafunzi 166 kwa mwaka mmoja, kisha zimekwisha. Zikitolewa kuwa zawadi ya vifaa vya 500,000 kwa kila mhitimu, zinatosha vijana 20, kisha zimekwisha. Zikisimama kuwa dhamana ya mikopo, na kila mwaka sehemu moja tu ya kumi ya mikopo ikapotea, zinaweza kuwasukuma vijana wengi zaidi kwa miaka kadhaa kabla ya kuisha. Namna ya kwanza inapendeza zaidi kwenye picha za mkutano mkuu: wanafunzi 166 wamejipanga na sare. Bodi nyingi zitaichagua, na si ajabu.

Upinzani wa kweli hutoka kwa wanachama wenyewe. Kenya, mwezi wa pili na wa tatu wa mwaka, habari za sacco hujaa asilimia za gawio; chama kilichotoa nyingi husifiwa, kilichotoa chache hulaumiwa, na wanachama huhama. Mwenyekiti anayesimama kupendekeza kwamba sehemu ya ziada iende kwa watoto wa watu anahitaji moyo. Wanachama wana haki ya kuuliza watoto hao ni wa nani. Sacco huundwa na watu wenye kifungo kimoja, mwajiri mmoja au eneo moja, na nyingi zenye nguvu ni za watu wa mishahara: walimu, polisi, watumishi wa umma, wafanyakazi wa umeme. Mtoto wa fundi gereji, ambaye pengine ndiye angependa zaidi kurithi gereji, mzazi wake hayumo. Kwa hiyo fedha ya ufundi inakusanywa kwa watu ambao wengi wao wanataka watoto wao wawe wahasibu. Vyama vya mtaa na vya wafanyabiashara wadogo vina watoto wanaohitaji fedha hiyo, lakini ziada yao ni ndogo.

Ukanda huu umewahi kuona ushirika ukilipia ufundi kwa kiwango kikubwa, na kisa chake kinafundisha pande mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wilaya na mikoa ya Kenya zilishindana kujenga vyuo vya ufundi kwa harambee. Nyeri ilijenga Kimathi, Murang'a ikajenga chake, Kisumu ikawa na Ramogi, Magharibi ikawa na chuo chake Kakamega. Wakulima wa kahawa walichangia Kimathi, na watu ambao hawakuwahi kushika randa waliwekeza katika useremala wa watoto wa jirani. Upande mmoja, kisa hiki kinaonyesha kwamba wanachama wa ushirika hukubali kutoa wakiona jengo linapanda. Upande wa pili, hatima ya vyuo hivyo inajieleza: cha Kakamega kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mwaka 2007, Kimathi kikawa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mwaka 2012, cha Murang'a kikawa chuo kikuu mwaka 2016. Hakuna aliyeiba kitu. Vyuo vilipanda cheo tu, na fundi bomba akabaki chini akitafuta pengine pa kusomea. Fedha iliyowekwa kwenye majengo hufuata heshima ya majengo; mkopo wa vifaa hauna pa kupandishwa cheo.

Kuhusu vijana walio bado shuleni, sheria ya mikataba inaweka mpaka: aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkopo. Anachoweza ni kuweka akiba, na vyama vingi vina akaunti za watoto zinazofunguliwa na mzazi. Quebec ilizoea tangu zamani kuwafundisha wanafunzi kuweka senti zao kupitia shule. Kwa mwanafunzi wa amali akaunti hiyo ina kazi mahususi. Karakana ya shule hutengeneza madawati, madirisha, vitanda, na mara nyingine huuza. Pale shule inapokubali sehemu ndogo ya fedha ya kazi iingie kwenye akaunti ya mwanafunzi aliyeifanya, anafika kidato cha nne akiwa na rekodi ya miaka minne. Kiasi chake kinaweza kuwa kidogo mno kununua hata drili. Lakini afisa mikopo anayesoma rekodi hiyo anaona mtu anayeweka kila muhula, na hicho ndicho kitu ambacho mhitimu asiye na mdhamini hukikosa. Utaratibu huu unahitaji ulinzi. Shule inayogundua kwamba wanafunzi huzalisha fedha inaweza kuwageuza vibarua, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Fedha ya kazi ya mwanafunzi iandikwe kwa jina lake, na mzazi aione.

Wasichana wanahitaji neno lao hapa. Vyuo huwapokea kwenye umeme na uchomeleaji, lakini wengi bado huelekezwa ushonaji na mapishi, na chama kinachofadhili kwa kufuata orodha iliyoletwa na shule hukuta kimefadhili mgawanyo huo bila kukusudia.

Sehemu ya mwisho ni ufuatiliaji, na ndiyo sacco huzembea zaidi. Mkopo wa karo huisha vizuri ukilipwa. Hakuna anayeuliza mtoto amekuwa nani. Mkopo wa vifaa hauwezi kuendeshwa hivyo, kwa sababu kifaa kinaweza kuuzwa wiki ya pili. Chama kinamlipa muuzaji wa vifaa moja kwa moja, hakimpi kijana fedha taslimu. Kinachukua namba ya mashine. Kinamtembelea mahali anapofanyia kazi mwezi wa kwanza na wa tatu. Fundi mkubwa wa eneo, ambaye kijana anajishikiza kwake, huwa shahidi mzuri kuliko barua ya mwenyekiti wa mtaa, na akiwa mwanachama wa chama hicho hicho ni bora zaidi. Ndiyo maana sacco inayotaka kukopesha mafundi vijana huanza kwa kuwaandikisha mafundi wazee: wenye gereji, wenye karakana za vyuma, washonaji wa sokoni. Wao ndio watakaowapa vijana kazi ya kwanza, watakaojua nani amekwama kwa kukosa kazi na nani ameuza mashine, na mwisho wa mwaka ndio watakaopiga kura kwenye mkutano mkuu kuamua kama mfuko uendelee.